Njaa ya Kunguru Iko Kichwani

Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba Kenya imeazimia kuwaangamiza kunguru milioni 1 wa pwani kabla ya mwaka ule kwisha. Silaha iliyotajwa ilikuwa sumu iitwayo Starlicide. Wenye hoteli walifurahi, wapenzi wa ndege wa asili walifurahi, na wengine wakauliza kama paka, mbwa na watoto watasalimika. Mwaka ulikwisha. Asubuhi za kisiwa cha Mombasa hazikubadilika: jua halijapanda vyema, nao kunguru tayari wamejipanga juu ya mapaa ya mabati kutoka Bandari ya Kale hadi Kibokoni, shingo za kijivu, midomo myeusi, wakingoja samaki wa kwanza apasuliwe tumbo.

Mjadala ulikuwa mkali, lakini swali moja lilipitwa kando. Tulibishana juu ya sumu, bei yake na hatari zake. Hatukuuliza kunguru huamuaje kitu gani akitie mdomoni na kipi akiache. Swali hilo linahusu mishipa ya fahamu na ubongo, na kwa maoni yangu ndilo lililopaswa kutangulia mengine yote. Kila mbinu iliyojaribiwa dhidi ya ndege huyu, kuanzia vizimba vya kumnasa hadi nyama yenye sumu, imefaulu kwa kadiri ilivyokubaliana na namna ubongo wake unavyotawala ulaji, na imekwama palepale ilipoupuuza.

Kwanza tukumbuke kwamba hakuja mwenyewe. Kwao ni Bara Hindi na nchi jirani. Wanasayansi humwita Corvus splendens. Katika miaka ya 1890 watawala wa Kiingereza walimwingiza Unguja ili ale taka za mji. Kazi aliifanya, kisha akapitiliza, akaanza kuwala vifaranga wa kuku na makinda ya ndege wengine. Ni ndege wa meli huyu: bandari nyingi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu alizifikia akiwa amesimama juu ya sitaha. Mombasa alianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1940. Kutoka hapo alipanda pwani hadi Malindi, akafuata barabara kuu ya Nairobi hadi Voi na kupita. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amekuwa nadra pwani, na mkaazi wa Mji wa Kale aliyezoea kuwasikia kwera na shore kwenye mwarobaini wa uani kwake anajua ukimya ulioletwa na mgeni huyu.

Basi tuingie kichwani mwake.

Chini kabisa ya ubongo wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Mwaka 1940 watafiti wawili wa Marekani, Albert Hetherington na Stephen Ranson, waliwajeruhi panya katikati ya sehemu hiyo, na panya wale wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Yale, Bal Krishan Anand kutoka India na mwenzake John Brobeck walijeruhi ubavu wa sehemu hiyohiyo. Safari hii panya walikataa chakula wakafa njaa chakula kikiwa mbele yao. Hapo ndipo watu walipoona waziwazi kwamba tumbo tupu peke yake halimfanyi mnyama ale. Lazima ubongo uamuru.

Tangu hapo tumezijua seli zenyewe. Ndani ya haipothalamasi kuna kundi la seli liitwalo AgRP. Ukiziamsha kwa panya aliyeshiba, ataanza kula ndani ya dakika chache kana kwamba hajaona chakula siku nzima. Pembeni mwake kuna kundi jingine linalofanya kinyume, linalozima hamu. Mfumo huu ni wa kale sana. Moja ya kemikali ambazo seli za AgRP hutumia kupeleka ujumbe, ikidungwa katika ubongo wa kuku, nayo humfanya kuku ale. Panya na ndege walitengana katika ukoo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na bado swichi hii ya njaa inafanana.

Si kila kitu kinafanana, na hapa kuna jambo linalonivutia kila ninapolisoma. Tumbo la binadamu hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo hupanda kabla ya saa tuliyozoea kula na kuuambia ubongo kwamba wakati umefika. Anayefunga Ramadhani anaufahamu msukumo huo katika siku za mwanzo wa mwezi, mwili ukidai chakula cha mchana saa ileile. Ndege pia wana grelini. Lakini watafiti walipowadunga vifaranga vya kuku homoni hiyo katika ubongo, vifaranga vilipunguza kula badala ya kuongeza. Leptini nayo, homoni ambayo kwa binadamu hutoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, haionekani kufanya kazi hiyo kwa ndege. Kwa hiyo anayetaka kumwelewa kunguru asichukue kitabu cha lishe ya binadamu akabadilisha jina tu. Swichi ni ileile, ila waya zinazoiwasha zimefungwa kwa mpango mwingine.

Kwa kunguru wa kisiwani, jambo zito zaidi ni hesabu ya nguvu mwilini. Ana uzito wa gramu 300 hivi. Anakula mchana tu. Usiku amelala mtini na mamia ya wenzake, akichoma akiba aliyoingia nayo jioni. Kunapokucha akiba imeshuka na swichi ya njaa imewaka. Sasa tazama ratiba yetu wanadamu. Taka za majumbani hutolewa usiku au alfajiri, zikakaa kwenye mifuko laini ya plastiki pembeni mwa vichochoro. Mashua za wavuvi hurudi asubuhi, samaki wanaparuzwa magamba na kutolewa matumbo muda uleule. Huko sokoni Marikiti mboga na matunda yaliyooza hutupwa kabla ya wateja kufika. Saa ambayo njaa ya kunguru iko juu kabisa ndiyo saa ambayo mji wetu uko wazi kabisa. Ukiambiwa ubuni ratiba ya kumnenepesha ndege huyu, huwezi kupata iliyo bora kuliko hii tuliyo nayo.

Lakini njaa ya mwili ni nusu tu ya habari. Mwaka 2015 maabara ya Zachary Knight huko California ilichunguza seli za AgRP za panya wenye njaa zikiwa kazini. Walitarajia zitulie polepole kadiri chakula kinavyoingia tumboni. Zilitulia mara panya alipokiona na kukinusa chakula, kabla hajatafuna hata kidogo. Maabara nyingine ziliona hivyohivyo mwaka uleule. Maana yake ni kwamba seli hizi hazipimi tu kilichomo tumboni, zinakadiria kitakachoingia, kama mwenye duka anayeagiza unga kabla gunia halijakwisha. Ulaji, katika ubongo, ni kazi ya kutabiri.

Kemikali inayofunza utabiri huo ni dopamini. Wolfram Schultz alionyesha kwa nyani, katika miaka ya 1990, kwamba seli za dopamini hupiga kwa nguvu mnyama anapopata kitamu asichokitarajia. Akishajifunza kwamba taa fulani hutangulia kitamu hicho, seli hupiga taa inapowaka na kunyamaza kitamu kinapofika. Ikiwa taa imewaka na kitamu hakikuja, seli hushuka chini ya kawaida yake. Ndege nao wana dopamini na wana sehemu za ubongo zinazofanya kazi hiyo. Kunguru anayesimama juu ya paa la soko la samaki kabla mashua haijafunga kamba amejifunza taa zake: mlio wa injini, mtu anayebeba kisu na karai, sauti ya wachuuzi. Ndiyo maana anaonekana ana saa mkononi.

Na ana ubongo wa kutosha kwa mambo hayo. Tulizoea kudhani ndege ana akili ndogo kwa sababu kichwa chake ni kidogo. Mwaka 2016 timu iliyomjumuisha Suzana Herculano-Houzel ilihesabu seli za neva katika ubongo wa ndege na kukuta zimebanana kuliko za mamalia. Kunguru mkubwa wa nchi za kaskazini ana ubongo wa gramu 14 hivi, na bado sehemu yake ya juu, ile ya kufikiri na kupanga, ina seli za neva zaidi ya bilioni 1, idadi inayolingana na ya baadhi ya nyani wenye ubongo mkubwa zaidi. Nicky Clayton na Anthony Dickinson walionyesha mwaka 1998 kwamba kwenji wa Marekani, ndege wa jamii ya kunguru, hukumbuka ni chakula gani alichoficha, wapi, na lini. Alipokuwa na funza na karanga, alikwenda kwanza kwenye funza. Lakini muda ukiwa umepita wa kutosha funza kuoza, aliwaacha akaenda kwenye karanga. Kunguru wetu naye huficha tonge chini ya kigae au katika ufa wa ukuta wa mawe ya matumbawe, akarudi baadaye.

Ulimi wake pia una mchango wake, na hapa nitapumzika kidogo kwa jambo la mitaani. Paka wa Mji wa Kale ni wengi na wana njaa, lakini mwekee paka kipande cha halua uone kama ataigusa. Jeni inayotengeneza kipokezi cha utamu wa sukari imeharibika kwa paka. Ilithibitishwa mwaka 2005. Halua kwake ni kitu kisicho na ladha ya maana. Ndege wengi nao wamepoteza kipokezi hicho, lakini utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mababu wa ndege waimbaji waliupata tena utamu wa sukari kwa kukigeuza kipokezi cha ladha ya nyama. Kunguru, ijapokuwa sauti yake haitushawishi, ni wa ukoo huo. Kwa hiyo mfuko uleule wa taka paka anauchagua kwa samaki tu, naye kunguru anachukua samaki na andazi. Pilipili haimzuii. Kapsaisini, kitu kinachotuwasha sisi, humwasha mamalia kwa kupitia kipokezi cha maumivu ambacho kwa ndege hakiitikii. Viazi karai vilivyorowa ukwaju na pilipili, mihogo ya ufukweni Mama Ngina iliyonyunyizwa pilipili ya unga na ndimu, kwake ni wanga na chumvi tu. Anayemwaga pilipili juu ya taka kumfukuza kunguru anawafukuza panya na paka na kumwachia yeye meza peke yake.

Tukifika kwenye woga tunafika kwenye kiini cha mbinu za kumwua. Wahenga walimwona vizuri: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Woga wake ni mahususi. Anaogopa kitu kipya karibu na chakula. Nyama aliyoizoea ikiwekwa kwenye trei asiyoijua, ataizunguka, atasogea, ataruka nyuma, na huenda akaondoka kabisa siku hiyo. Kila mara anapolenga kula, sehemu mbili za ubongo wake zinavutana: moja inapiga hesabu ya faida, nyingine inayofanana na amigdala ya binadamu inapiga hesabu ya hatari. Anayetega sumu bila kulijua hili anapoteza sumu yake. Ndiyo sababu wanaojua kazi huweka nyama safi kwa siku kadhaa mahali palepale, saa ileile, kwa mkono wa mtu yuleyule, mpaka woga uzimike na utabiri wa kitamu uchukue nafasi. Sumu huingia mwishoni. Vizimba vya kunasia vilivyotumika Unguja na Dar es Salaam vilitumia ufa mwingine wa ubongo huohuo: ndani ya kizimba huwekwa kunguru hai anayekula, na wenzake, wakimwona anakula salama, woga wao hupungua.

Kuhusu mtu yuleyule kuna ushahidi mzuri. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle aliwakamata kunguru 7 akiwa amevaa kinyago cha mtu wa mapangoni, akawafunga pete miguuni, akawaachia. Miaka iliyofuata kila aliyevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, na idadi ya wazomeaji iliongezeka, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Baadaye, mwaka 2012, timu yake ilipiga picha za ubongo wa kunguru wakitazama nyuso. Uso wa aliyewakamata uliwasha maeneo ya woga. Uso wa aliyewalisha uliwasha maeneo ya motisha. Mfanyakazi wa hoteli anayeonekana akitupa nyama jioni na akiokota mizoga asubuhi, kwa hiyo, asishangae akianza kupigiwa kelele anapotoka na ndoo.

Sasa sumu yenyewe. Hapa inatubidi kurudi kwa John Garcia, mwanasaikolojia wa Marekani aliyegundua mwaka 1955 kwamba panya aliyekunywa maji matamu kisha akaugua kutokana na mionzi hatayagusa tena maji matamu; majaribio yake ya baadaye yalionyesha kwamba ndivyo ilivyo hata ugonjwa ukija saa kadhaa baada ya kunywa. Mara moja inatosha. Hili liliwashangaza wanasayansi wa wakati ule, kwa sababu somo jingine lolote lilihitaji tendo na matokeo yafuatane kwa sekunde. Utumbo una njia yake: mishipa ya vagasi hupeleka habari kutoka tumboni hadi shina la ubongo, na palepale shinani kuna kituo kisicho na ukuta wa kuzuia damu, kinachoonja sumu ndani ya damu yenyewe. Njia hizo mbili zikipiga kengele, ubongo unarudi nyuma kutafuta kilicholiwa na kukipiga marufuku.

Panya hukipiga marufuku kwa ladha. Ndege je? Mwaka 1971 Hardy Wilcoxon na wenzake waliwapa panya na kware maji yenye rangi ya buluu na ladha ya uchachu, kisha wakawaugulisha. Panya waliukwepa uchachu. Kware walikwepa rangi. Lincoln Brower naye aliona kwamba kwenji wa buluu, ndugu mwingine wa kunguru, akimla kipepeo wa aina yenye sumu hutapika, na tangu siku hiyo akimwona tu kipepeo wa sura ile anamkataa bila kumwonja. Ndege huukumbuka ugonjwa kwa macho.

Weka haya pamoja utaelewa kwa nini Starlicide ilifanya kazi pale sumu nyingine ziliposhindwa, na kwa nini kazi yake ina kikomo. Sumu hii ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 dhidi ya ndege waharibifu wa nafaka na malisho. Haimwangushi ndege palepale. Inaharibu figo, mwili unajaa taka zake wenyewe, na ndege hufa kwa utulivu saa nyingi baadaye, mara nyingi akiwa amesharudi kulala. Mwilini inavunjika haraka, kwa hiyo paka anayeula mzoga hayuko katika hatari ile iletwayo na sumu nyingine nyingi. Kwa upande wa kujifunza, ucheleweshaji huo haungesaidia kitu kama kunguru angepona. Garcia alishatuonyesha kwamba saa kadhaa si kizuizi. Inasaidia kwa sababu anayeugua hapati siku ya pili ya kutumia alichojifunza, na wenzake waliokuwa naye kwenye trei hawakuona kifo kikitokea mezani.

Basi anayepunguza kipimo ili sumu ya bei kubwa itoshe trei nyingi anafanya kosa baya kuliko kutofanya lolote. Kunguru aliyekula kidogo akaugua akapona ni mwalimu. Atakataa nyama ya sura ile, katika trei ya sura ile, na makinda yake yatajifunza kwa kumtazama. Kaeli Swift, akifanya kazi na Marzluff, aliandika mwaka 2015 jinsi kunguru wa Seattle walivyokusanyika na kupiga kelele walipomwona mtu ameshika mzoga wa mwenzao, na kwa siku zilizofuata walichelewa kukaribia chakula mahali pale. Sehemu nyingi za dunia mkulima humtundika kunguru aliyekufa shambani, naye yuko sahihi kwa kadiri ya shamba lake. Ila mizoga ikitapakaa kuzunguka eneo la chambo, eneo hilo limekwisha.

Wenye kuiunga mkono sumu watasema: basi tuifanye vizuri zaidi. Nakubali. Mahali ambapo ndege wa asili wanataga, na kwenye mipaka ya kuenea kwake barani, kuua kwa ustadi kuna nafasi. Sisemi hivyo kwa wepesi. Mwaka 2020 Andreas Nieder na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba seli za ubongo wa kunguru hufuata kile anachokiona kwa nafsi yake, si nuru iliyofika jichoni tu, na hiyo ni dalili kwamba ndege huyu ana ufahamu wa yanayompata. Mnyama wa namna hii anastahili tusimuue ovyo, kwa vipimo vya kukisia, mwaka hadi mwaka, bila kupata tulichokusudia. Na kisiwani, katikati ya mji, nina hakika sumu peke yake haitatupa tunachokusudia. Kunguru wakipungua, walionusurika wanabaki na taka zilezile kwa midomo michache. Wanashiba zaidi. Na haipothalamasi inayosimamia njaa ndiyo pia inayoanzisha homoni za uzazi. Ndege aliyeshiba hutaga na kulea vizuri kuliko mwenye njaa. Tunakuwa tumewaua wazazi na kuwalisha warithi.

Linalonisumbua zaidi ni uzoaji wa taka usio na ratiba. Tunadhani gari la taka likija siku tatu kati ya saba, tumepunguza tatizo kwa karibu nusu. Kwa ubongo wa kunguru si hivyo hata kidogo. Tangu enzi za B. F. Skinner inajulikana kwamba njiwa anayepewa punje kila anapodonoa kitufe huacha upesi punje zikikoma, ila yule aliyekuwa akipewa mara moja moja tu, bila mpangilio, huendelea kudonoa kwa muda mrefu mno. Mwaka 2003 Schultz na wenzake Christopher Fiorillo na Philippe Tobler walitupa sehemu ya sababu. Seli za dopamini za nyani zilibaki zikiwaka kwa muda wote wa kungoja, na ziliwaka zaidi pale ambapo uwezekano wa kupata kitamu ulikuwa nusu kwa nusu. Kutokuwa na uhakika kunaamsha hamu. Mji unaozoa taka leo na kuziacha kesho umemfunza kunguru asikate tamaa. Anakuta kichochoro cheupe Jumatatu na Jumanne, anarudi Jumatano kwa sababu Jumatano iliwahi kulipa.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya gari linalopita kila siku bila kukosa katika mitaa michache, na gari linalopita mara kwa mara katika kisiwa kizima, upande wa kunguru jibu ni la kwanza. Anza na Ndia Kuu, Kibokoni na soko la samaki. Zoa kabla ya alfajiri kwisha, yaani kabla ya jua kuchomoza, ili njaa yake kubwa ya siku ikutane na kichochoro kitupu. Matumbo ya samaki yaingie kwenye pipa lenye kifuniko kizito wakati uleule kisu kinapofanya kazi, yasisubiri mwisho wa soko. Na usikose hata siku moja katika wiki za mwanzo, kwa sababu siku moja ya kukosa inafuta mafunzo ya siku nyingi. Mombasa imeshaonyesha kwamba inaweza jambo zito: jaa la Kibarani, lililofuka moshi kwa miaka mingi kando ya barabara ya Makupa, lilifungwa mwishoni mwa muongo uliopita na pakapandwa miti. Kufunga jaa moja kubwa ni vigumu kuliko kufunika mapipa ya soko moja, ingawa kufunika kunadai uaminifu wa kila siku ambao hauna sherehe ya uzinduzi.

Tena tutaweza kupima, kwa gharama ndogo. Kunguru hulala kwa pamoja, kwenye miti ileile, na huingia kwa mistari kabla ya magharibi. Mtu mwenye daftari anaweza kuwahesabu. Kaunti na KWS wangechagua miti michache ya kulala karibu na Mji wa Kale na mingine mbali nao, wahesabu kwa mwezi mmoja kabla ya kubadilisha saa ya kuzoa, kisha waendelee kuhesabu baada ya mabadiliko hayo kwa msimu mzima wa kutaga. Wakitaka kutumia sumu baadaye, waitumie hapo, kwa ndege ambao tayari wana njaa ya kweli na machaguo machache, ambao woga wao wa trei mpya utashindwa upesi na kwa hiyo sumu itatosha kwa kiasi kidogo. Mwenye njaa hujaribu vipya. Aliyeshiba ana nafasi ya kuogopa. Mpango wa milioni 1 ulianza na trei wakati mapipa yako wazi, ukawataka ndege walioshiba waache chakula wanachokijua wakaonje wasichokijua.